Bahasha ya Dawa

Kazini walimwita Mizani, na jina hilo lilimkaa kama kiatu cha kushonewa. Alikuwa mtunza stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa bila kupotelewa hata na kopo moja la rangi. Kila rafu ilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilikuwa na mwandiko wake mdogo ulionyooka: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mtu akija kuchukua misumari kilo tano, Mizani alipima, akaandika, kisha akapima tena. Wapakiaji walimtania kwamba siku ya kufa kwake atamwambia malaika mtoa roho asaini kwanza, ndipo amruhusu aondoke na mzigo.

Nyumbani alikuwa vilevile. Mshahara wake ulikuwa elfu arobaini na mbili, na kila mwisho wa mwezi aliugawa katika bahasha saba juu ya meza, mkewe akitazama. Kodi ya nyumba, elfu kumi na mbili. Chakula, kumi na tano. Ada ya binti yao mkubwa aliyekuwa sekondari, sita. Umeme na maji, tatu. Nauli, mbili. Dawa za presha za mkewe, mbili na mia nne. Zilizosalia, elfu moja na mia sita, ziliingia kwenye bahasha ya dharura, na hiyo aliifungia kabatini, ufunguo akakaa nao yeye.

Kila Jumamosi saa kumi jioni alivaa miwani na kuketi mezani. Mkewe alileta daftari la matumizi pamoja na kopo la biskuti lililojaa risiti.

"Karibu, bwana mkaguzi," mkewe alisema, akimfutia kiti vumbi lisilokuwepo.

"Usinichekeshe. Sukari?"

"Imepanda, lakini nimeibembeleza."

"Haba na haba hujaza kibaba, mama watoto."

"Na haba na haba humaliza kibaba, baba watoto."

Walicheka wote wawili. Kisha Mizani alipita mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu, akilinganisha daftari na risiti, na mwisho aliandika chini ya ukurasa: Imekaguliwa. Hakuwa mlevi, hakuwa na nyumba ndogo, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Aliamini kwamba mume wa namna yake hapatikani kwa urahisi, na majirani walikubaliana naye.

Bahasha ya chakula ilikuwa na elfu kumi na tano kwa miaka mitatu mfululizo. Kazini watu walilalamika kila siku kuhusu mafuta, unga, sabuni. Mizani aliwasikiliza huku akipanga makufuli kwenye rafu.

"Siyo bei iliyopanda," aliwaambia. "Ni nidhamu iliyoshuka. Mimi mke wangu analisha watu wanne kwa elfu kumi na tano, na hesabu inatimia."

Dereva wa lori alimwomba amlete mkewe aje kuwapa darasa wake zao. Mizani alicheka, lakini moyoni ilimkolea. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kifua mbele.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, binti yake alipiga simu ya ghalani. Shule zilikuwa zimefungwa wiki hiyo, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Mama alikuwa akifua nguo bombani uani, akasema kichwa kinamgonga, akainuka kwenda kukaa kivulini, akaanguka kabla hajafika. Mkono wa kulia haukusogea. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Hospitalini walimwambia ni kiharusi. Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mwenye macho ya mtu aliyekesha.

"Alikuwa na presha?" aliuliza.

"Anayo, miaka sita sasa."

"Dawa alikuwa anameza?"

"Kila mwezi zinanunuliwa, daktari. Risiti zote ninazo."

Daktari aliangalia tena karatasi zake. "Presha aliyokuja nayo leo siyo ya mtu anayemeza dawa kila siku. Risiti hazimezwi, mzee. Nenda kaulize nyumbani."

Yale maneno yalimchoma. Alirudi nyumbani mchana ule ule, akalimwaga kopo la biskuti juu ya meza, akazichambua risiti za duka la dawa. Zilikuwepo zote. Kila mwezi vidonge thelathini, elfu mbili na mia nne, muhuri na saini. Alizipanga kwa tarehe kama karata, na hakuna mwezi uliorukwa. Alizitia mfukoni, akaenda nazo dukani.

Muuza dawa alikuwa mama wa makamo aliyemfahamu mkewe kwa miaka mingi. Alizitazama zile risiti, kisha akaacha kumtazama Mizani usoni.

"Mama anaendeleaje?"

"Kaanguka. Nusu ya mwili imekufa. Nataka kujua alikuwa anachukua nini hapa."

Yule mama alifuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Baba, mimi sitakuficha. Alikuwa anachukua za wiki moja. Vidonge saba kwa mwezi. Aliniomba nimwandikie risiti ya thelathini. Nilimkatalia mara ya kwanza, mara ya pili akalia. Akasema mume wake hana ubaya, ila hawezi kupokea karatasi isiyotimia."

"Tangu lini?"

"Ni mwaka wa tatu sasa."

Mizani alipiga hesabu amesimama palepale, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na kichwa chake. Kidonge kimoja themanini. Vidonge saba, mia tano na sitini. Kila mwezi mkewe alibakiwa na elfu moja mia nane na arobaini. Alijua zilikokwenda. Zilikwenda kwenye mafuta, unga na sabuni, kwenye shimo ambalo yeye alikuwa akisema halipo.

Kwanza alikasirika. Hilo lazima lisemwe. Alitembea hadi hospitalini akinong'ona peke yake njiani: amenidanganya, mke wangu amenidanganya, chini ya paa langu. Aliingia wodini, akasimama kando ya kitanda. Mkewe alikuwa macho. Jicho moja lilikuwa likichuruzika machozi lenyewe, bila kilio.

"Kwa nini hukuniambia?" Mizani alimuuliza.

Mkewe hakuweza kusema. Alimtazama tu kwa lile jicho zima. Na akiwa anasubiri jibu ambalo halingekuja, Mizani alikumbuka kwamba aliambiwa. Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Mkewe aliweka kiganja juu ya daftari na kusema: "Baba watoto, hii bahasha ya chakula imekuwa fupi. Niongezee hata elfu mbili." Naye, bila kuinua macho, alimjibu: "Tafuta mahali pa kubana." Mkewe akasema, "Haya. Nitapatafuta."

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda hadi muuguzi alipokuja kumtoa.

Akiba ya dharura ilikuwa imekusanywa kwa miaka mitatu, tarakimu kwa tarakimu. Iliisha kwa siku kumi na moja za kitanda, vipimo na sindano, na deni likabaki. Siku ya kumi na mbili walimrudisha mgonjwa nyumbani, Mizani akambeba kutoka kwenye teksi hadi ndani. Alishangaa wepesi wake. Alikuwa akipima vitu maisha yake yote, na kumbe mke wake alikuwa amepungua kilo nyingi namna ile bila kadi yoyote kuonyesha.

Dada yake mkewe alikuja kusaidia. Mizani naye alichukua daftari na bahasha, akasema sasa hesabu ataifanya yeye mwenyewe, kuanzia sokoni. Jumamosi ya kwanza alitoka na kikapu, kalamu sikioni. Alimwambia muuza mafuta bei aliyokuwa akiikagua daftarini kila Jumamosi.

"Mzee," muuza mafuta alisema, akiangalia kama anataniwa, "hiyo bei uliisikia kwa babu yako?"

Kwa muuza maharage ilikuwa hivyo hivyo, na kwa muuza vitunguu, na dukani kwenye sabuni. Mizani alijaribu kubembeleza, lakini ulimi wake haukuzoea. Alibembeleza kama askari anayeomba vitambulisho. Alirudi kikapu kikiwa nusu na pesa zimekwenda robo nzima. Tarehe kumi na nane bahasha ya chakula ilikuwa tupu. Aliitikisa juu chini, akachungulia ndani, binti yake akimtazama kutoka mlangoni.

"Mama alikuwa anafanyaje?" Mizani aliuliza.

"Alikuwa anawafulia watu wa ghorofa ya pili," binti alisema. "Bei za daftarini zilikuwa za zamani, na risiti aliomba ziandikwe hivyo hivyo. Nguo ulizokuwa unaziona kambani siyo zetu zote, Baba."

"Na wewe ulijua?"

"Wote tulijua. Hata mdogo wangu anajua. Alituambia tusikusumbue, ukirudi umechoka."

Kesho yake Mizani alikwenda ofisini kwa mkurugenzi wa ghala. Hakuwahi kuingia mle kuomba kitu. Alieleza kwa kifupi, amesimama wima, kofia mkononi. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole wa kweli. Alisema kampuni inamheshimu sana, kwamba wizi ungewamaliza zamani kama si yeye, lakini mishahara mwaka huu haiguswi, na mkopo wa wafanyakazi umesimamishwa.

"Na isitoshe," mkurugenzi aliongeza akitabasamu, "nani asiyejua kwamba wewe unaweza kuishi kwa elfu arobaini na mbili? Tunawatolea wengine mfano wako."

Alimpa kalenda mpya ya kampuni, kubwa, ya karatasi zinazong'aa. Mizani alishukuru. Alipofika kwenye kona alisimama, hajui aikunje au aitupe, akaishia kuibeba hadi nyumbani.

Shemeji yake alikaa wiki tatu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na asubuhi ya kuondoka alifunga mzigo wake kabla ya kusema.

"Shemeji, mimi nina nyumba yangu na wanaonisubiri. Mgonjwa huyu hawezi kuachwa peke yake, hata maji hawezi kujifikishia mdomoni. Tafuta mtu."

"Mtu wa kulipwa?"

"Wa kulipwa au wa damu. Mgonjwa anauguzwa na mtu, shemeji, hauguzwi na daftari."

Mtu wa kulipwa, hata yule wa bei ya chini kabisa, alitaka elfu nane kwa mwezi. Mizani aliandika elfu nane juu ya ukurasa, akaanza kutafuta mahali pa kuitoa. Kodi haikubanika. Umeme walishaacha kuwasha ila taa moja. Nauli alishaifuta, akawa anatoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, anatembea saa moja na nusu hadi kazini. Ilibaki ada, na ada yenyewe isingetosha. Alizunguka zunguka na kalamu, akachora mistari, akaifuta. Binti yake alikuja akaketi mbele yake, mahali alipokuwa akiketi mama yake.

"Nitabaki mimi, Baba."

"Hapana. Una mitihani mwakani."

"Nitarudi muhula ujao. Ukinitoa mimi, unapata elfu sita ya ada na hulipi elfu nane. Hiyo ni elfu kumi na nne." Alisema bila kulia, kama mtu anayesoma ubaoni. "Mimi pia najua kujumlisha."

Mizani alivua miwani, akaiweka mezani, na binti akajua hilo ndilo jibu.

Walikubaliana Mama asiambiwe. Daktari alikuwa amesema wasimtie wasiwasi. Kwa hiyo mgonjwa alipouliza kwa macho kwa nini msichana yuko nyumbani saa nne ya asubuhi, walimwambia ni likizo. Mwezi wa kwanza ilikuwa likizo. Mwezi wa pili walimu walikuwa kwenye semina. Mwezi wa tatu ikawa likizo tena. Kitinda mimba, mvulana wa miaka tisa, aliambiwa afiche begi lake anapotoka, kwa sababu shule mbili za mtaa mmoja haziwezi kuwa na likizo tofauti. Nyumba nzima ilikuwa sasa inatunga risiti.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho Mizani alikishikilia. Bahasha ya dawa alikuwa akiijaza kwanza, kabla ya kodi, kabla ya unga. Vidonge thelathini, siyo saba. Alivihesabu mwenyewe dukani, mbele ya yule mama, na kila asubuhi kabla ya kutoka alimwekea mkewe kimoja ulimini na kumshikia kikombe. Zile za ada na za nauli zilimezwa na deni la hospitali na bei za sokoni. Watoto walikula mara mbili kwa siku, kisha mara moja na uji. Kabati liliuzwa, redio ikauzwa. Ila dawa haikukosekana. Alikuwa akijiambia njiani, katika ule mwendo wa alfajiri, kwamba mtu anaweza kuchelewa kulipa deni lakini akalilipa.

Jumapili moja, saa tatu asubuhi, walikuwa wakimgeuza mgonjwa ili wabadilishe shuka. Binti aliinua godoro upande wa ukutani, mkono wake ukagusa kitu. Kilikuwa kitambaa cha mkononi kilichoviringwa. Ndani yake kulikuwa na vidonge. Vingine vilikuwa vimeanza kuyeyuka, rangi imechujuka, vimeshikana.

"Baba," binti aliita.

Mizani alichuchumaa karibu na uso wa mkewe.

"Hizi nini, mke wangu? Unataka kufa?"

Mkewe alitikisa kichwa: hapana. Kauli yake ilikuwa imerudi kidogo, neno moja moja, kwa jasho. Aliinua mkono wa kushoto na kumnyooshea kidole binti yake.

"Li... kizo," alisema. Kidole kikatikisika, kushoto kulia, kama mwalimu anayemkataza mtoto. Alijua. Miaka ishirini alikuwa ameendesha nyumba kwa tarehe. Nani angemdanganya muhula unaanza lini? Kisha alikisogeza kidole hadi kwenye kile kitambaa, akakigonga.

"U... za," alisema. "A... da."

Binti alitoka mbio kwenda uani. Mizani alibaki amechuchumaa, na hakuweza kumweleza mkewe kwamba hakuna duka linalonunua vidonge vilivyokwisha kuingia mdomoni mwa mtu. Mkewe alikuwa akimtazama kwa tumaini. Hilo ndilo lililomvunja. Alilaza paji lake la uso juu ya ukingo wa kitanda, akalia. Ule mkono wa kushoto ulimgusa kisogoni mara mbili, ukachoka, ukaanguka.

Alipoinuka, alivichukua vile vidonge akaenda navyo mezani. Mazoea yalimwongoza. Alivitenganisha: vilivyoharibika vinne, vizima kumi na vitano. Mwezi ulikuwa unaisha, na mwenye nyumba alikuwa ameshatuma mtu mara mbili. Kodi ya mwezi uliopita ilikuwa imepungua elfu moja na mia mbili. Mizani alivitazama vile vidonge kumi na vitano, akaona nusu ya mwezi. Nusu ya mwezi ilikuwa elfu moja na mia mbili kamili.

Alijaribu kutopiga hesabu hiyo. Ilijipiga yenyewe.

Jumatatu alinunua vidonge kumi na vitano, siyo thelathini. Muuza dawa alimwangalia, kisha akamhesabia. Mwenye nyumba alilipwa. Mizani alijisemea ni mwezi huu tu, kwa kuwa vingine vipo nyumbani, na mwezi ujao atarudisha bahasha mahali pake. Lakini mwezi uliofuata kitinda mimba aliugua kifua, na pesa ilipotafutwa, ilipatikana pale palipokuwa tayari pamefunguliwa. Alinunua tena kumi na vitano, na safari hiyo nyumbani hakukuwa na vingine. Mwezi wa baadaye mafuta yalipanda. Ada haikuzungumzwa tena na mtu yeyote. Binti alianza kuwafulia watu wa ghorofa ya pili, na vitabu vyake alimpa rafiki yake, kwa azima, alisema.

Sasa ilikuwa siku moja kidonge, siku moja hakuna. Mizani aliigawa mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na akili zake timamu, na hakuandika mahali popote.

Mkewe hakuficha tena kitu. Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, alimsikia mumewe akivaa viatu, na alikuwa tayari amegeuza uso kumwelekea, mdomo wazi. Siku za kidonge Mizani alimwekea kidonge. Siku zisizo na kidonge alimshikia kikombe cha maji matupu, na mkewe aliyanywa yote polepole, mpaka tone la mwisho, kisha akafumba mdomo asimwulize.